Fundi Akikuambia "Ni Sensa", Muulize Amejuaje

Wacha niseme hii kitu na mafundi mnikasirikie vizuri: kusoma namba kwenye mashine si kupima gari. Mtoto wa darasa la nne anaweza kusoma namba.

Mathe ana Probox. Ndiyo inasambaza mayai madukani, na hayo mayai ndiyo yalinilipia karo. Mwezi wa tatu ile taa ya njano ya injini ikawaka, gari ikawa inatetemeka ikisimama kwa jam. Fundi akachomeka mashine, ikatoa P0171, akatangaza kama nabii: "Mama, oksijeni sensa imekufa." Elfu saba. Siku tatu baadaye, taa hiyo hapo. Akaambiwa ile ya kwanza ilikuwa feki, sasa aweke orijino. Elfu kumi na mbili. Wiki moja, taa tena. Faida ya mathe kwa trei moja ni kama shilingi 30, kwa hivyo piga hesabu: trei zaidi ya 630 zilienda kwa vyuma ambavyo gari haikuhitaji.

Sensa ya oksijeni (si ile ya kuhesabu watu) imefungwa kwa ekzosi. Kazi yake ni kunusa moshi na kusema oksijeni iliyobaki ni kiasi gani. Petroli inaungua sawasawa ikipata hewa yenye uzito mara 14.7 ya uzito wake. Hewa ikizidi, sensa ya kawaida inatoa karibu volti 0.1, petroli ikizidi, karibu 0.9. Kompyuta inaisikiliza, inaongeza au kupunguza petroli.

Sasa P0171 inamaanisha nini? Kompyuta imeongeza petroli mpaka ikachoka, na bado sensa inasema hewa ni nyingi. Nani anasema? Sensa! Huyo ni shahidi, wasee. Sisi tulimfunga shahidi mara mbili na mwizi akabaki nje anatucheka.

Mwizi alipatikana Jumapili. Binamu yangu alikuja na kile kifaa kidogo cha blututhi kinachochomekwa chini ya dashibodi, akafungua simu, hata spana hakugusa. Gari ikiwa imewashwa tu bila kukanyagwa, kompyuta ilikuwa inaongeza petroli kwa asilimia 25. Akakanyaga mpaka mizunguko 2,500, ikashuka hadi 6. Akasema, "Kuna mahali inavuta hewa ya wizi." Ufa mdogo unasumbua injini ikiwa chini, ikianza kuvuta hewa nyingi, ufa unakuwa si kitu. Tukapapasa paipu za mpira moja moja. Moja nyuma ya manifoldi ilikuwa imepasuka. Shilingi 250, dakika kumi, na taa haijarudi.

Enyewe sensa hufa, sikatai. Lakini kifo chake kinapimwa. Kama namba ni P0135, hita iliyo ndani ndiyo inalalamikiwa: angalia fyuzi kwanza, kisha chomoa plagi na uweke multimita kwa waya za hita. Ukipata omu chache, hita ni nzima. Ukikuta waya umekatika ndani, sawa, nunua. Kama injini ni moto na volti zimekwama mahali pamoja, ongeza petroli kidogo kwa makusudi, kisha ingiza hewa, uone kama inashtuka. Angalia pia kama ekzosi inavuja kabla ya kufika kwa sensa, maana hewa ya nje ikiingia hapo itaidanganya. Na uliza gari yako ina aina gani, kwa sababu nyingi za kuanzia miaka ya 2000 zina sensa ya mbele isiyoruka 0.1 hadi 0.9. Ukiipima kama ile ya zamani utaihukumu bure.

Hata kuifungua kuna heshima yake. Ekzosi iwe na joto kidogo, mafuta ya kulainisha kutu, na soketi ya milimita 22 yenye mwanya wa kupitisha waya. Fundi wetu alitumia koleo mpaka nati ikawa mviringo kama chapati. Mpya inaanzwa kwa mkono, na ile ncha haiguswi na grisi wala silikoni.

Najua jibu lenu mafundi, na lina ukweli: mteja akiambiwa shilingi 1,500 ya kupima, anakimbia. Akiambiwa elfu saba ya sensa, analipa. Hapo ni sisi. Tunalipia chuma, akili tunataka ya bure, halafu tunashangaa venye kila gereji inauza chuma. Mathe mwenyewe alikataa kulipa binamu, ati "si alishika tu simu." Mtu ameangalia simu dakika kumi akaokoa gari, na hapati hata ya nauli!

Nilimlipa mimi. Kuhusu zile sensa mbili zilizotolewa, ziko mezani kwangu. Nimezipima hita na multimita ya binamu na zote ni nzima, hata ile "feki". Kama una Probox na unahitaji moja kweli, nitafute. Lakini usikuje na namba ya mashine, kuja na vipimo.