Tuwafunze Vijana Kuokoa, si Kutupa tu

Mwenye mashua ya mbao kisiwani Takawiri, katika Kaunti ya Homa Bay, hatupi chombo chake kwa sababu ya ubao mmoja uliooza. Huung'oa, akachonga mwingine wa kimo kile kile, akaziba nyufa, na mashua ikarudi ziwani. Hekima hiyo yafaa kufundishwa katika vyuo vyetu vya ufundi wa magari.

Chukua Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Likiingia gereji leo, mikanda yake ya chuma king'aacho huweza kutupwa kwa kupinda kidogo tu, ilhali ingenyooshwa taratibu kwa nyundo ya mbao na kusuguliwa. Kioo cha pembeni nacho huzibwa kwa kipande cha kioo cha nyumbani.

Hapo pana hatari. Kioo bapa huonyesha umbali sawasawa, lakini eneo dogo. Kioo kilichobinuka huonyesha eneo kubwa, lakini gari lililo nyuma huonekana dogo na la mbali kuliko lilivyo. Fundi asiyejua tofauti hiyo aweza kumponza dereva.

Walimu wa fizikia, somo hili mnalo tayari darasani. Lililobaki ni kulifikisha gereji. Nanyi wanafunzi, kabla ya kununua kipuri kipya, ulizeni kwanza: kile cha zamani kilitengenezwaje, na je, hakiwezi kuokolewa? Atakayejibu swali hilo ndiye fundi. Wengine ni wabadilishaji wa vipuri tu.