MANENO YA CHUMBANI NA MANENO YA UWANJANI

Ndugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi wakaaji wa Bukavu,

Mbele ya watu wengi, wakubwa wetu wanasema Kiswahili kizuri: « sisi », « ndugu zetu », « kazi yetu ». Lakini wakiketi wenyewe kwa wenyewe, watu saba au wanane mezani, Kifaransa kinaanza, na « sisi » inageuka kuwa « wale ». Mjumbe aliyetoka mgodini Kamituga anatikisa kichwa tu, maana anaona haya kuuliza. Mwishoni anatia sahihi jambo asilolijua, na sisi ndio tunaolilipa.

Hatukatai Kifaransa. Katiba ya 2006 imekifanya lugha ya serikali. Lakini katiba ile ile inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Na uhuru wa 30 Juni 1960 haukuletwa kwa ajili ya wenye kujua Kifaransa peke yao.

Tunaomba jambo moja: kabla ya sahihi, karatasi isomwe kwa Kiswahili, na kila mjumbe aulizwe amesikia nini. Neno lisiloweza kusomwa mbele yetu, lisitiwe sahihi kwa jina letu.