Nani Ameshika Ufunguo wa Nyumba?



Wapendwa taifa la Mungu, somo la kwanza la Dominika ya 21 ya Mwaka A (Isa 22:19-23) latupeleka katika jumba la kifalme la Yerusalemu. Nabii Isaya hamkemei mfalme, bali Shebna, msimamizi wa nyumba yake. Huyu hakuketi katika kiti cha enzi, lakini cheo chake kilikuwa cha kushika ufunguo. Aya zinazotangulia zaeleza kosa lake: alijichongea kaburi la fahari mwambani, akijitukuza kwa dhamana aliyopewa kwa ajili ya wengine.

Akina Shebna wa leo wako wapi? Kila baada ya miaka 5 sisi Watanzania huitwa kumchagua Rais, mbunge na diwani. Tukitoka kituoni twadhani kwamba serikali sasa imo mikononi mwa hao tu. Lakini tutazame halmashauri zetu. Mkurugenzi, ambaye huteuliwa, ndiye katibu wa Baraza la Madiwani. Wakuu wa idara ndio waandaao makabrasha na makisio ya bajeti. Diwani asiye na muda wala utaalamu wa kulichambua kabrasha nene huishia kuunyoshea mkono uamuzi ambao kalamu nyingine imekwisha kuufanya. Zahanati aliyoiahidi isipoonekana katika bajeti, wananchi humlaumu yeye. Aliyeifuta hajulikani hata jina.

Hata hivyo, kuteuliwa si dhambi. Eliakimu, aliyepewa nafasi ya Shebna, naye aliteuliwa, na Mungu alimtaka awe baba kwa wakazi wa Yerusalemu. Yosefu aliteuliwa na Farao, akawaokoa watu na njaa. Mtakatifu Thomas More, Chansela wa Uingereza tangu 1529 hadi 1532, aliteuliwa na mfalme, lakini mwaka 1535 alikubali kukatwa kichwa kuliko kuisaliti dhamiri yake. Ndiyo maana mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa. Watumishi waaminifu wapo wengi, nasi twawashukuru. Hatari ni ufunguo ambao mshikaji wake haulizwi na mtu.

Na kuuliza ni wajibu wetu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 yaupa mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, mamlaka ya juu kabisa kijijini. Je, twahudhuria? Twauliza habari za mapato na matumizi? Au twaridhika kunung'unika vijiweni? Mara nyingi giza linalomficha Shebna ni uvivu wetu wenyewe.

Nasi mapadre tusijitoe. Hatukupigiwa kura na waamini, na funguo za parokia tunazo. Tusiposoma hesabu za parokia mbele ya waamini, tutapata wapi ujasiri wa kumkemea mkurugenzi? Nyumba ina Mwenyewe, na siku moja atauliza ufunguo wake ulifungua nini, na ulimfungia nani nje.

Tuwaombee watumishi wote wa umma, na tuwaulize pia. Dominika njema.