Aliyepakia Mzigo Asimame Penye Mizani

Hapa Gilgil, kando ya barabara kuu iendayo Nakuru, pana mizani ya kupimia malori. Lori lililozidisha uzito halisamehewi kwa sababu tu dereva amesema kwamba mzigo ulipakiwa na mwingine. Barabara ikibomoka, gharama humwangukia mlipa kodi ambaye hata hakuiona shehena hiyo. Kila nipitapo hapo hujiuliza: mbona hatuna mizani kama hii kwa wale wanaoipakia nchi madeni?

Yafaa tuwe waadilifu kwanza. Nakisi, yaani pengo lililopo baina ya mapato ya serikali na matumizi yake, si dhambi. Uchumi unapozorota, biashara hufungwa, kodi hupungua na wahitaji huongezeka. Serikali ikibana matumizi wakati uo huo, huzidisha dhiki. Mwanauchumi Mwingereza John Maynard Keynes alilieleza jambo hili katika miaka ya 1930, nami nakubaliana naye. Mwaka 2020, korona ilipousinyaza uchumi wa Kenya kwa mara ya kwanza baada ya takriban miongo mitatu, serikali iliteremsha kodi ya VAT kutoka asilimia 16 hadi 14. Hapo sioni kosa.

Kosa lilitendeka kabla ya hapo, wakati wa neema. Mnamo Juni 2014 serikali ilikopa dola bilioni 2 katika masoko ya ng'ambo. Oktoba 2019 reli ya kisasa ikafika upande wa Naivasha, jirani zetu, kwa mkopo wa Uchina. Mwaka uo huo Bunge likainua kikomo cha deni la taifa hadi shilingi trilioni 9. Korona ilikuwa haijaingia, na uchumi ulikuwa ukikua. Juni 2022, miezi miwili tu kabla ya uchaguzi mkuu, kikomo kikapandishwa tena hadi trilioni 10. Kisha Februari 2024 serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya karibu asilimia 10, ili ilipe sehemu ya mkopo wa 2014 ambao riba yake haikufika asilimia 7. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Walakini, walioalikwa harusini si hao wanaolia matangani.

Walimu hawahitaji kufunzwa somo hili. Oktoba 1997 chama chao cha KNUT, kikiongozwa na Ambrose Adongo, kiligoma. Uchumi ulikuwa umedhoofika, na Shirika la Fedha Duniani lilikuwa limesimamisha mikopo yake mwezi Julai. Hata hivyo, uchaguzi ukikaribia, serikali ilikubali kuongeza mishahara kwa asilimia 150 hadi 200, kwa awamu, katika muda wa miaka mitano. Uchaguzi ukafanywa Desemba. Baada ya awamu ya kwanza, mwaka 1998, walimu wakaambiwa kwamba fedha hazipo, nao wakagoma tena. Nyongeza ile ilikuwa haki yao, na ningali naitetea. Ninachokilaani ni ahadi kutiwa sahihi pasipo kuonyeshwa fedha zitatoka wapi, kisha aliyeitia sahihi asiulizwe neno.

Desturi hiyo haijafa. Serikali iliyoko husingizia iliyotangulia, iliyotangulia husingizia korona, na wote kwa pamoja husingizia wafadhili. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha dhidi ya 106 walioupinga. Siku hiyo vijana waliokuwa wakiupinga waliuawa barabarani, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Vijana wale walikuwa wakidaiwa harusi iliyofanyika wakiwa bado shule ya msingi. Ilhali Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 chaagiza kwamba mzigo na manufaa ya mikopo ya umma vigawanywe kwa usawa baina ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo.

Sisi wapiga kura nasi hatuwezi kujitoa lawamani. Tunampigia makofi anayeahidi barabara, na kumzomea anayeuliza bei yake. Mwanasiasa mwerevu hujifunza upesi lipi linalomletea kura.

Kwa maoni yangu, kila anayekuja kuomba kura aulizwe maswali matatu. Kikomo cha deni kilipoinuliwa, wewe au chama chako mlipiga kura vipi? Ahadi unayotoa leo itagharimu shilingi ngapi? Uchumi ukianguka, utapunguza nini kwanza? Walimu wa somo la historia na serikali wanaweza kuanza kazi hii darasani, kwani taarifa rasmi za Bunge si siri. Mwanafunzi asome mbunge wake alisema nini siku ile, alinganishe na anayoyasema jukwaani.

Mdororo mwingine utakuja, kwani uchumi hupanda na kushuka, nasi tutalazimika kukopa tena. Tukope tukijua jina la aliyepakia na uzito aliouweka. Tusipofanya hivyo, mizani itaendelea kumpima mtoto ambaye hakuwapo mzigo ulipopakiwa.