Damu Iliyooshwa Kamera Inaiona, Ila Mlango Ufungwe Mapema

Tarehe 2 Oktoba 2018 mwandishi Jamal Khashoggi aliingia ubalozi mdogo wa Saudi Arabia mjini Istanbul, hakutoka tena. Wachunguzi wa Uturuki waliruhusiwa kuingia tarehe 15, siku 13 baadaye. Kesho yake Rais Erdogan akasema wanatafuta pia vitu vilivyofichwa kwa kupakwa rangi juu yake. Hapa Doha tukiangalia habari zile, swali likawa moja kila barazani: damu ikishaoshwa na ukuta ukapakwa rangi, ataiona nani?

Kamera inaweza kuiona. Nilifundisha sayansi miaka mingi, basi nieleze kwa lugha ya nyumbani. Damu ina himoglobini, nayo humeza sana mwanga wa zambarau, wa karibu nanomita 415. Mpelelezi akimulika chumba kwa taa ya rangi hiyo, doa ambalo jicho limelipita hujitokeza jeusi.

Kisha kuna infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Chukua abaya nyeusi: ikidondokewa na damu, huioni. Lakini rangi nyingi za nguo hazimezi infraredi, kwa hiyo kwenye picha kitambaa hutoka cheupe-cheupe na doa likabaki jeusi. Njia hiyo hiyo imeonyesha damu iliyo chini ya matabaka ya rangi ya ukuta. Huko Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teesside wametengeneza kamera inayopima rangi nyingi za mwanga, itenganishe damu na madoa mengine na kukadiria doa lina muda gani.

Uzuri wa kamera ni kwamba haigusi kitu. Luminoli, ambayo Mjerumani Walter Specht aliionyesha mwaka 1937 kuwa yafaa kwa upelelezi, lazima inyunyizwe, na hung'aa hata ikikutana na jiki au shaba.

Sasa tusipumbazwe. Picha inasema tu kwamba hapa pana kitu mfano wa damu. Ni ya nani, hilo ni la maabara na vinasaba. Nani aliimwaga, na kwa nini, hilo ni la mashahidi na kadhi. Kwetu sisi wenye sheria za kisasi na diya, tofauti hiyo ni uhai wa mtu.

Tena kamera haiwezi kurudisha siku zilizopotea. Agnès Callamard, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa, aliandika katika ripoti yake ya Juni 2019 kwamba kuna dalili za kuaminika kuwa sehemu zile zilisafishwa kwa ustadi. Mwili wa Khashoggi haujapatikana mpaka leo. Kilichosaidia zaidi kujua yaliyotokea mle ndani ni sauti zilizorekodiwa, si madoa.

Wale walisafisha kwa kuficha. Sisi majumbani tunasafisha kwa nia njema, na hasara ni ile ile. Damu ni najisi, maiti ana haki ya stara, wageni wako mlangoni. Basi mtu anashika ndoo na kitambaa kabla polisi hawajafika. Nawaomba, jamaa zangu: aliye hai aokolewe kwanza, hilo halina mjadala. Baada ya hapo fungeni mlango, pigeni 999, swalini chumba kingine. Nguo zisifuliwe, sakafu isipigwe deki, wala picha zisirushwe kwenye magrupu ya WhatsApp. Stara ya maiti haipotei kwa kusubiri saa mbili.

Na haya yana uzito zaidi pale aliyefariki ni dada wa kazi kutoka Mombasa, Tanga au Kampala. Mama yake atapokea sanduku na karatasi, na karatasi itasema kile tu kilichoonekana. Chumba kisichoguswa kinamtetea mtoto wake ikiwa alidhulumiwa, na kinamtetea mwenye nyumba ikiwa hana kosa. Kwa hiyo anayeacha ndoo chini anawatendea haki wote wawili.