Mpe Anayeanza Tanga Dogo, Wacheni Kuringa

Wasee, leo siongei kuhusu mpaka. Najua mmezoea video zangu za foleni ya malori Malaba na bei ya sukari hapa Busia. Leo tunashuka Sio Port, ziwani, juu kuna kitu kimenikaa rohoni tangu Desemba.

Vijana wa ufuoni walikuwa wanashindana na mitumbwi ya tanga. Si ya gogo, ni ile ya mbao yenye mkuku, tunaita sese kwa sababu ya visiwa vya Ssese kule Uganda. Binamu yangu, miaka 17, akapewa usukani kwa mara ya kwanza. Wenzake watatu, wote wembamba kama mimi. Wakubwa wakamtwekea tanga lote, lile la mtumbwi wenye wanaume sita na nyavu. "Ataiva tu huko mbele," wakasema. Hakufika hata nusu. Upepo wa mchana ulivuma kutoka ziwani, mtumbwi ukalala ubavu, ukajaa maji. Walitolewa wote wazima juu walikuwa na jaketi za kuokolea. Basi.

Wanamcheka hadi leo. Mimi nasema kosa si lake. Chombo kilipangiwa watu ambao hawakuwemo ndani.

Fikiria hivi. Kitu kinachozuia mtumbwi usilale ni uzito wa watu walioketi upande wa upepo. Lamu, kwenye mashindano ya mashua, mabaharia hukalia ubao uliotokeza nje kabisa ili uzito wao ufanye kazi kubwa. Sisi hatuna ubao, na hao watoto hawana kilo. Sasa ukitoa watu, si utoe na tanga? Mtaniambia tanga dogo halishindi. Na mtumbwi uliolala, unaoteka maji, huku usukani unamvuta mtu mkono, huo unashinda nini?

Kamba ya tanga, demani, ndiyo breki. Isifungwe popote. Ishikwe mkononi na mwenye uzoefu kidogo, akae karibu na wa usukani, upepo ukizidi aiachilie bila kuuliza. Halafu kabla ya kwenda mbali, jaribuni hivi: aachilie usukani kidogo. Mtumbwi ukijigeuza wenyewe kuelekea upepo na kupunguza mwendo, uko sawa, hata akishtuka utamsamehe. Ukiukimbia upepo, sogezeni watu mbele kidogo, mjaribu tena.

Farumi nayo, tafadhali, msiweke mawe. Hapa Busia kitu hatukosi ni mitungi ya lita 20 (msiniulize imebeba nini). Jaza maji minne, hizo ni kilo 80, ifunge chini kabisa katikati. Mtumbwi ukizama, maji ndani ya maji hayana uzito, lakini jiwe litauvuta chini na wewe. Mitungi mingine mitupu, iliyozibwa vizuri, ifunge mbele na nyuma. Hiyo ndiyo itawashikilia juu mkingoja kuokolewa.

Nilimuuliza mjomba, "Mjomba, kwa nini hamkumpunguzia?"

Akanijibu, "We kijana, sisi tulifunzwa hivyo hivyo."

Nikanyamaza kwa heshima. Lakini kichwani nilikuwa nawahesabu: wanaosema hivyo ni wale waliorudi ufuoni. Wengine hawapo wa kutuambia walifunzwaje.

Tanboi wa Malaba hapewi trela lenye mzigo siku ya kwanza. Boda, ambayo jina lenyewe limetoka kwetu hapa mpakani, unaanza bila abiria. Ni ziwani tu ndiko tunamwita mtu mwoga akiomba apunguziwe. Na pengine chuoni, lakini hiyo ya kwangu ni stori ya siku nyingine.

Binamu anataka kurudi majini. Mama yake ameniambia, "Ukimpeleka, utarudi naye." Kwa hivyo Jumamosi tunatoka asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka, tanga nusu, mitungi minne, jaketi kwa kila mtu. Hilo tanga bado hatujashona. Mwenye turubai kuukuu la lori huko Malaba aniandikie, nakuja kulichukua mwenyewe.