Mzazi, Umewahi Kumuuliza Mtoto Anatafuta Nini Kwenye Gemu?

Leo nina neno kwa wazazi, na hasa akina baba.

Mama mmoja wa upande wa Rongo ameniandikia. Mwanawe yuko kidato cha tatu, na likizo yote hii ameimalizia kwenye gemu. Juzi kijana amekuja mbio kumwambia kwamba amemaliza mawe yote 12, anashangilia kama mtu aliyepita mtihani. Mama anauliza: Mchungaji, hili ni pepo? Nimwombee, au nivunje hiyo mashine?

Mama, usivunje. Mashine ilinunuliwa kwa pesa. Niliwaendea vijana wawili wa kwaya wanaoyajua mambo haya, nikawaomba wanionyeshe hayo mawe. Wengi wetu tunahukumu kitu ambacho hatujakitazama hata kwa dakika kumi.

Gemu inaitwa Assassin's Creed Origins. Ilitolewa na kampuni ya Ubisoft mwaka 2017, na hadithi yake iko Misri, zama za Kleopatra. Ni gemu ya dunia wazi, yaani mchezaji hafungwi kwenye njia moja. Anapanda ngamia, anakwenda anakotaka: jangwani, mtoni, mjini Aleksandria. Kuna hadithi kuu, halafu kuna misheni za kando ambazo unaweza kuziacha na bado ukafika mwisho. Mawe ya yule kijana ni misheni ya kando.

Sasa sikiliza inavyokwenda. Mchezaji anakuwa mtu anayeitwa Bayek, kutoka Siwa. Mwanawe, Khemu, ameuawa akiwa bado mdogo. Enzi za uhai wake, baba alimwahidi kwamba wataifikia miduara yote 12 ya mawe iliyotawanyika Misri, wasome nyota pamoja. Mtoto amekwenda, ahadi imebaki. Basi baba anaitimiza peke yake. Akifika kwenye kila mduara, anazipanga nyota mpaka picha ikae sawa, na yale mazungumzo yake na mwanawe yanamrudia. Duara moja, kumbukumbu moja. Hakuna anayemlazimisha. Mwishoni kuna vazi la kivita la kupata, lakini vijana wangu waliniambia wenyewe kwamba vazi si kitu. Walitaka kusikia baba atasema nini kwenye mduara unaofuata.

Nilinyamaza kidogo pale.

Najua utakachosema. Miduara mingine ina majina ya miungu ya Misri, kama Amun na Hathor. Ni kweli. Lakini Musa alifundishwa elimu yote ya Wamisri (Matendo 7:22) na hakuabudu ndama. Walioabudu ni wengine. Nyota nazo si mali ya shetani. Mungu mwenyewe anamtajia Ayubu Kilimia na Orioni, na alipotaka kumwahidi Abrahamu mtoto, alimtoa nje usiku akamwambia atazame juu, ahesabu kama anaweza (Mwanzo 15:5).

Jambo ambalo sitalitetea ni damu. Gemu hii ina mauaji mengi, na imewekewa alama ya watu wazima. Kijana wa kidato cha tatu hajafika huko. Kuna sehemu ya kutalii iliyoongezwa mwaka 2018, haina mapigano, mtu anatembea tu akijifunza Misri ya kale. Mwambie acheze hiyo, na saa ziwe na mpaka. Mzazi asiyeweka mpaka asilaumu pepo.

Lakini hoja yangu si gemu. Ujumbe wa mama yule ulikuwa mrefu, na baba wa kijana hakutajwa hata mara moja. Nimeomba nambari yake. Nitampigia.

Akina baba, tuko wapi? Wengine wako kwenye mashimo ya dhahabu Macalder. Wengine wako ziwani, Mbita na Muhuru Bay, wanavua omena usiku usio na mwezi, ambapo nyota zote ziko wazi na mtoto hayupo kuzionyeshwa. Hao nawaheshimu, ni kazi. Wengine wako nyumbani kabisa, lakini macho yako kwenye mkeka wa kubeti. Na wote tumeahidi. Nikilipwa tutaenda Ruma uone twiga. Ukipita mtihani nitakupeleka Homa Bay upande boti. Wewe ulisema ili mtoto anyamaze. Yeye aliandika moyoni.

Tumemfanya mtoto kuwa misheni ya kando. Sasa soma Marko 5. Yairo amemwita Yesu, binti yuko mahututi, safari ni ya haraka. Njiani mwanamke anagusa vazi, na Yesu anasimama. Anauliza ni nani. Anasikiliza habari yote. Wanafunzi waliona anapoteza muda.

Wengine mtaniambia, Mchungaji, Misri ni mbali na mfuko umetoboka. Nani amesema Misri? Mawe yetu yako Thimlich Ohinga, kilomita kama 46 kutoka mjini Migori. UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta za miduara zilizopangwa jiwe juu ya jiwe bila saruji wala udongo, sehemu nyingine zimepita kimo cha mtu mrefu, na zimesimama kwa karne kadhaa. Watalii wanatoka Ulaya kuziona. Wangapi kwenye ushirika wetu wamefika? Msinyooshe mikono.

Basi tunakwenda, Jumamosi ya mwisho ya likizo. Wa Migori tutaondoka stendi saa moja asubuhi. Wa Homa Bay mpitie Rodi Kopany na Ndhiwa, tukutane huko. Kila baba aje na mtoto wake. Asiye na baba atakwenda na mzee wa kanisa, nimeshaongea nao. Bebeni maji na kofia, jua la kule halina huruma. Milango ya kuta ni myembamba na mifupi, ilijengwa hivyo ili adui asiingie kwa kishindo, kwa hiyo wazee wenye migongo mwiname polepole. Simu zibaki mfukoni mpaka tumalize kuzunguka. Andika jina lako na la mtoto hapa chini nijue idadi ya viti.